Bibi wa Kuazima

Kila Wiki ya Historia ya Watu Weusi, shule ya msingi humwazima kila mtoto kumbukumbu za marehemu mmoja wa ukoo wake, zirudishwe Ijumaa. Chausiku, mwenye miaka saba, alipewa za bibi yake mzaa mama. Siku hiyohiyo alimketisha Mize, mama yake, mkekani, akamsuka twende kilioni, akimgonga chanuo begani kila alipotikisika, vilevile kama marehemu.

Ijumaa alasiri mwalimu alipiga simu. "Mama Chausiku, mbona mtoto hajaja kurudisha?"

"Ana homa, mwalimu," Mize alidanganya, kichwa kikiwa magotini pa bintiye.

"We Mize!" mtoto alikemea. "Tulia nikusuke."

"Abee, mama."

Nje watoto wenzake waliita, "Chausiku! Njoo tucheze!"

Hakuna aliyeitika.