Pindo la Mkeka

Siku ya kufungua hifadhi, wageni walitandikiwa mkeka mpya wa mafunjo ukingoni mwa kinamasi, kama ilivyo ada ya mji ule. Wakavua viatu, wakaketi. Mwenyekiti Rwegoshora alikuwa amekipigania kinamasi kile kisigeuzwe mashamba ya mpunga, na sasa korongo walikuwa wamerudi. Alikuwa katikati ya hotuba askari wa hifadhi alipomleta Mama Kokugonza, fundi wa mikeka, akiwa na matope hadi magotini na mzigo wa mafunjo mabichi kichwani.

"Mama, hukusikia ni marufuku kukata humu?" Mwenyekiti alifoka, wageni wasikie.

"Nilisikia, Mwenyekiti. Ulitangaza mwenyewe."

"Na bado ukaingia! Huoni haya?"

Mama Kokugonza aliutazama mkeka, si yeye.

"Mkeo aliniambia wageni ni wengi, niuongeze upana. Mafunjo yakaniishia. Upande huo unaousimamia sijautia pindo."

Mgeni mmoja akaukunja mguu taratibu. Mwenyekiti alitaka kusema hakujua, lakini ni yeye aliyemtuma mkewe, tena akahimiza mkeka usukwe upesi, bila kungoja mafunjo yakauke.

"Sasa," Mama Kokugonza aliuliza kwa upole, "nikae nimalizie, au niende na askari?"

Mwenyekiti akainamisha macho. Ncha za mafunjo zilichomoza chini ya nyayo zake, bado za kijani, na soksi zake zilikuwa zimelowa.