Kona ya Nyamizi

Baridi ilipoingia na jiko la mkaa likahamia ndani, maradhi ya Nyamizi ya kukagua kila kitu yalizidi. Asubuhi hiyo alilimwagia jiko maji, akafunga mlango, kisha akarudi kulishika tena na tena. Wifi yake Tausi, aliyekuwa akimngoja nje watoke pamoja, akamtania:

"Kitendawili!"

"Tega."

"Maiti yangu haiishi kuamshwa."

"Jiko langu nililolizima," Nyamizi akacheka. "Lakini wifi, moyo unaniambia nyumba itaungua."

"Uache useme. Wewe njoo."

Akatoka. Moyo ukapiga kelele mpaka kwenye kona ambapo kila siku Nyamizi hugeuka kurudi nyumbani. Leo akaipita.

Bonde lote lilijaa ukungu mweupe, na jua likitembea juu yake.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Kumbe huku kuko hivi?"

Chini kule jogoo akawika, paa la nyumba ya kwanza likachomoza kwenye ukungu.