Kanga ya Kumtuza Bi Zuhura

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakalia madirisha. Bi Zuhura, malkia wa michezo ya nyimbo, alikuwa jukwaani akifungua na kufunga mdomo tu. Sauti yake ilikuwa imekauka tangu masika. Aliyeimba ni Chausiku, mshona nguo wa kikundi, nyuma ya pazia. Na siri hiyo, ajabu kwa mji ule wa umbeya, ilikuwa haijavuja.

Ubeti wa pili, Mama Shani, mmoja wa watazamaji, akapanda jukwaani na kanga mpya kumtuza Bi Zuhura, kama wanawake wa pale wanavyomtuza anayewaliza.

"Shoga, umenitoa machozi!"

"Ahsante, shoga yangu, Mungu akuweke," Bi Zuhura akajibu kwa mazoea, sauti ikikwaruza. Wimbo nao ukaendelea.



"Makubwa! Ana midomo mingapi huyu?" mtu akauliza, na kicheko kikalipuka.

Uso ukamwaka Bi Zuhura. Mlango wa kutorokea ulikuwa karibu, lakini akashika pazia akalivuta. Chausiku alikuwa amefumba macho, anaimba bado, akidhani watu wanachekea mchezo.

Bi Zuhura akainamisha kichwa. Mama Shani akabaki katikati yao, kanga mikononi, hajui shingo ya kuivika.