Udongo Uliomchagua Wifi

Kitendawili! Haya, sema tega. Mama alikufa kabla ya babu wa babu zetu, na mpaka leo ananyonyesha. Umeshindwa? Ni ziwa la kale: lilikauka, likatuachia udongo mweusi wa mbugani, unaotunza mvua moja miezi mitatu.

Siku hizi udongo ndio unaomchagua mkulima. Unakanyaga peku kipimo kilichofukiwa shambani. Taa ikiwaka, shamba ni lako. Mbuga ilimchagua wifi yangu Mbeleje, ambaye sasa ni mjane wa kaka yangu. Mimi nikaangukia mchanga mwekundu wa kilimani.

Wivu ulinikaba, nikamfuata kwenye mtama wake.

“Wifi, unaulisha nini udongo huu hata ukuone wewe tu? Asali?”

Alipalilia kwanza mstari mzima.

“Siulishi kitu. Nikitoka humu, mtama wote unanyauka. Ndiyo maana sikuja kumzika kaka yako.”