Mchele Mwekundu

Nilipoiona kadi ya ukaazi ya mama mkwe wangu, nilipiga kelele nyumba nzima ikasikia. Kwenye picha yake, katikati ya paji la uso, alikuwa amebandika tika: mchele mwekundu uliolowa mtindi, kama tunavyobandikwa na wazee wetu siku ya sikukuu.

"Mama! Tunatoka sasa hivi kwenda kwenye usaili wa uraia, na kadi umeipaka?"

"Imelala mbele ya miungu tangu alfajiri," alijibu Devimaya, akijitanda shali. "Mimi nipate baraka, yeye wa kwenye picha akose? Si ndiye atakayetazamwa kwanza?"

"Na Wamarekani wakiikataa?"

"Kule Bhutan walitunyang'anya uraia, na karatasi zetu zilikuwa safi, hazina hata doa."

Nilichukua kitambaa, nikabandua punje moja moja mpaka uso wake ukatokea. Wekundu kidogo uligoma kutoka, ukabaki pajini kama haya ya bibi harusi. Nilicheka. Naye akacheka mpaka meno yake ya bandia yakataka kumtoka.

Nilifungua begi la nyaraka nirudishe kadi. Chini ya cheti cha ndoa nikakuta kikopo, kifuniko kimefungwa kwa mpira. Ndani, mchele mwekundu, ndio kwanza umechanganywa.

"Na huu je?"

"Wa afisa," alisema, yuko mlangoni anavaa viatu. "Akishasema ndiyo, atainama nimbandike. Kwani yeye hana mama?"