Simu Katika Nyumba Tupu

Simu ilikuwa ikilia sakafuni, katika nyumba isiyo na mtu tangu Pasaka. Buibui alikuwa ametanda utando kutoka kwenye kengele hadi ukutani.

"Ni nesi anapiga kutoka mapokezi, nilimwambia ampigie Daktari," fundi alisema. "Waya ni mzima. Shida ni jina. Kwa bodi ya simu pale mapokezi laini hii bado imeandikwa Daktari, na Daktari mlimtoa hapa mkamhamishia kule mlimani."

"Ni jambo dogo," meneja wa hospitali alisema. "Tutabandika jina kwa laini yake mpya."

Ndululu, mlinzi, akaitazama simu ile. Mwezi wa sita alimpigia Daktari kutoka mapokezi, akizungusha mkono wa simu mpaka kiganja kikachubuka, huku mkewe Mutindi akivuja damu kwa benchi, na hakuna wa kumwachia ili akamwite Daktari. Kwenye mazishi ya Mutindi, meneja huyu huyu alimwambia mchwa waliangusha nguzo ya simu, ni mapenzi ya Mungu.

Meneja akainama kuinua simu. Ndululu akamshika mkono.

"Wachana nayo, mkubwa. Keti chini."

"Mzee, umerukwa na akili?"

"Mutindi aliingojea hii ijibiwe mpaka kukapambazuka. Na wewe utaingojea."