Kwikwi ya Kijiko cha Nne

Kwikwi ilinijia kwenye kijiko cha nne, nikakiweka chini.

"Ndiyo umemaliza?" mama akauliza.

Viazi vilivyopondwa nilivyopakuliwa kwenye kisosi vilikuwa bado nusu. Wiki ya sita hii tangu wanipunguze tumbo hospitali ili nipungue uzito, na kila ninachobakiza mama anakiona dharau kwa upishi wake.

"Nimeshiba, mama. Kwikwi ikija, ujue hakuna tena nafasi."

"Na zamani ulikuwa unajuaje?"

Swali hilo sikuwahi kuulizwa na mtu, hata daktari.

"Zamani nilikuwa naacha chakula kikiisha," nikasema. "Kwani wewe unajuaje?"

Mama akaangalia chakula chake. Sahani yake bado ilikuwa na kilima cha viazi, na kijiko kilikuwa kimesimama hewani, mvuke ukimpanda puani. Akakirudisha polepole. Akaegemea nyuma, kiti kikalia chini yake kama kilivyozoea.

"Wacha kugongagonga hicho kisosi," akasema, kiganja juu ya tumbo. "Nyamaza kidogo. Ngoja nisikie."